Ufukwe ni Wetu Sote, na Takataka ni za Nani?



Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, katika kikao cha wazazi kilichofanyika baada ya Idi el-Fitri iliyopita lilizuka jambo ambalo nusura litugawe. Jambo lenyewe ni safari ya mwaka ya wanafunzi wa darasa la juu kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Baadhi ya wazazi walitaka safari ifutwe. Walisema kila tunapokwenda matembezini, iwe Gombe au fukwe za hapa mjini, tunaacha nyuma yetu chupa, maganda na makasha ya chakula, na tunautia aibu Uislamu kwa kuwa tunakwenda na kanzu na mitandio yetu, kila mtu anatujua. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alikwenda mbali zaidi, akasema ni heri wenye hifadhi wafunge mlango kabisa, watu wa aina yetu tusiingie mpaka tustaarabike.

Upande wa pili ukajibu kwa ukali. Ziwa ni la Mwenyezi Mungu, wakasema, na ufukwe ni wa wote. Tumelipa kiingilio na tumelipa boti. Kuokota takataka ni kazi ya wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Adhana ya Magharibi ikatukuta bado tunabishana, na kikao kikafungwa bila uamuzi. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa wasimamizi wa safari hii, nimeona nieleze rai yangu katika jarida letu, ili tutakapokutana tena tuwe na la kuanzia.

Rai yangu ni kwamba pande zote mbili zimeshika nusu ya haki na kuiacha nusu nyingine. Wanaosema ufukwe ni wa wote wamesema kweli. Wanaosema tunauchafua wamesema kweli pia. Kosa ni kudhani kwamba haki ya kuingia inaweza kutenganishwa na wajibu wa kutodhuru. Sheria yetu haikuvitenganisha hivyo viwili hata siku moja.

Kwanza tuijue Gombe yenyewe, kwani nimegundua wapo wakazi wa Ujiji wenye umri wa miaka sitini ambao hawajaikanyaga, hali wageni kutoka Marekani na Japani wanaifahamu bonde kwa bonde. Iko kaskazini ya mji wa Kigoma, mwendo wa kilomita zipatazo 16 kwa ziwa, na haina barabara ya kuifikia. Ni boti tu. Ni hifadhi ndogo mno, inazidi kidogo tu kilomita za mraba 50. Serikali ya Waingereza iliitangaza kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1943, na mwaka 1968 ikawa Hifadhi ya Taifa. Kati ya miaka hiyo miwili, tarehe 14 Julai 1960, alifika bibi Jane Goodall pamoja na mama yake, akaanza kuwachunguza sokwe. Uchunguzi ule haujakatika hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025. Sokwe waliobaki humo wanakadiriwa kuwa 100 hivi. Wako wachache kuliko wanafunzi wa madrasa nyingi za hapa Ujiji!

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ufukwe wa Gombe haukuwa mahali pa sokwe na watafiti peke yao. Bibi Goodall alipofika aliwakuta wavuvi wa dagaa. Waliruhusiwa kupiga kambi zao ufukweni kwa msimu, wakivua usiku kwa taa na kuanika dagaa mchana juu ya mchanga. Watu wa vijiji vya jirani, Mwamgongo upande wa kaskazini na Mtanga upande wa kusini, wana uhusiano na ufukwe ule tangu enzi za mababu. Kwa hiyo anayesema kwamba hifadhi maana yake ni kuwafukuza watu hajui historia ya pale, na anayesema kwamba watu walikuwa wakifanya watakavyo naye hajui. Palikuwa na ruhusa, na ruhusa ilikuwa na mipaka yake.

Sasa takataka zetu zinafanya nini pale? Watu hudhani ni suala la sura mbaya tu, kwamba mzungu atapiga picha na chupa itaonekana. Laiti ingekuwa hivyo. Nyani wa Gombe wanashuka hadi ufukweni, na mtu aliyewahi kulala kule atakueleza wanavyovizia chakula. Ganda la ndizi, gunzi la hindi lenye mate ya mtoto, mfupa wa kuku, vyote hivyo kwao ni karamu. Nyani akishazoea kwamba boti ya wageni ni chakula, anakuwa mwizi mwenye meno marefu, na siku atakapomng'ata mtoto, atakayeuawa ni yeye wala si aliyemzoesha.

Kwa sokwe jambo ni zito zaidi. Sokwe amekaribiana na mwanadamu kiasi kwamba maradhi yetu mengi anayapata, na yeye hana dawa wala hospitali. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliokuwepo katika vijiji vya jirani uliwafikia sokwe wa Gombe. Baadhi walikufa na wengine walipooza viungo. Baadaye yakaja maradhi ya kifua, zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 1987. Ndiyo maana mgeni huambiwa asimkaribie sokwe, asile chakula mbele yake, na mwenye mafua asiende msituni kabisa. Hata ndizi ambazo watafiti wenyewe waliwapa sokwe miaka ya 1960 ili wawazoee zilileta balaa. Sokwe walikusanyika mahali pamoja wakapigana, na desturi ile ikapunguzwa hadi ikakomeshwa kabisa mwaka 2000. Ikiwa ndizi safi ya mtaalamu ilileta ugomvi, fikiria karatasi ya maandazi iliyopenga mafua ya mtoto wa darasa la tatu.

Qur'ani Tukufu (6:38) inatufundisha kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Sijui kama tunapoisoma aya hii tunafikiria kwamba umma mmoja kati ya hizo uko mwendo wa saa mbili au tatu kwa boti kutoka Kibirizi.

Nirudi kwenye lile la kufunga au kufungua, kwani hapo ndipo penye elimu tuliyoisahau. Wengi hudhani hifadhi ni jambo la wazungu. Si kweli. Makka ni hifadhi kabla dunia haijasikia neno hilo. Katika Haram hawindwi mnyama, hakatwi mti, haing'olewi nyasi iliyoota yenyewe. Na Mtume (S.A.W.) aliiharamisha Madina vivyo hivyo, baina ya majabali yake. Lakini tazameni lililotokea siku ya kuifungua Makka. Mtume (S.A.W.) alipotangaza uharamu wa kukata mimea ya Makka, ami yake Abbas (R.A.) aliomba ivuliwe nyasi moja iitwayo idhkhiri, kwa kuwa wahunzi wanaihitaji na watu wanaitumia katika nyumba na makaburi yao. Mtume (S.A.W.) akaivua. Kwa hiyo mwananchi alisikilizwa haja yake ndani ya hifadhi tukufu kuliko zote. Ila tukumbuke kuwa Abbas aliomba. Hakung'oa kwanza akaja na udhuru baadaye.

Kisha kuna himaa. (Wanafunzi msichanganye na hima yetu ya Kiswahili, ya kufanya haraka.) Himaa ni ardhi inayozuiliwa kwa malisho. Zama za ujahilia kabila lilipofika mahali penye majani, mkubwa wao alimbwekesha mbwa wake juu ya kilima, na sauti ya mbwa ilipoishia ndipo mpaka wa himaa yake ulipofika. Wengine wote marufuku, na yeye akishamaliza ya kwake hushirikiana nao katika malisho yao. Uislamu ukaifuta dhulma hii. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba hakuna himaa ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, maana yake kwa maslahi ya umma, wala si kwa ubwana wa mtu. Yeye mwenyewe alizuia bonde la Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Ukhalifa ulipomfikia Sayyidna Umar (R.A.), naye alizuia Sharaf na Rabadha, huko jangwani nje ya Madina. Rabadha ndipo alipofia Abu Dharri (R.A.), wanafunzi wa sira mnapakumbuka. Umar alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunay, awe msimamizi, na maagizo aliyompa yamepokewa katika Sahihi ya Bukhari. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Alimwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Na alimtahadharisha asiingize mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan! Hao ni katika sahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama mwenye wanyama wachache wakifa atakuja kwa khalifa na wanawe akilia njaa.

Mimi kila nikiisoma habari hii huona kama imeandikwa kwa ajili ya mabishano yetu. Jangwa lile lilikuwa na mlinzi, tena mwenye amri kutoka kwa khalifa. Halikuwa la kila mtu kujifanyia. Lakini mlinzi hakuwekwa amzuie mnyonge. Wa kwanza kuingia ni mnyonge, na wa kwanza kuzuiwa ni yule ambaye wingi wake ungelimaliza jangwa. Kipimo kilikuwa madhara, na haja ya mtu.

Kwa kipimo hicho, yule mzee wetu aliyetaka mlango ufungwe hakupatia. Mtoto wa Ujiji akifungiwa Gombe ana wapi pengine pa kwenda kuona msitu? Milima ya hapa mjini imebaki upara, tumeichomea mkaa. Mgeni akifungiwa Gombe atakwenda Mahale, akifungiwa Mahale atapanda ndege aende Serengeti. Ni kama wale wenye mitende na mashamba. Zaidi ya hayo, kitu usichokijua hutakilinda. Wakubwa walilitambua hilo mapema. Mpango wa vijana unaojulikana kwa jina la Roots & Shoots ulianzishwa na bibi Goodall mwaka 1991 Dar es Salaam na wanafunzi 12, na mwaka 1994 ukaja hapa Kigoma mradi wa TACARE, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba sokwe hawatanusurika wakiwa wamezungukwa na vijiji vyenye shida visivyoshirikishwa. Kiingilio cha raia pale Gombe ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Kinachotushinda wengi ni nauli ya boti. Laiti wahusika wangetenga siku maalumu kwa shule na madrasa, boti ikachangiwa, wangekuwa wamefuata nyayo za Hunay.

Lakini ninyi mliosema ufukwe ni wa wote, msishangilie bado.

Hoja yenu kubwa ni ile hadithi kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Ni hadithi maarufu, na hukumu yake ni nzito. Lakini ushirika ni nini? Wawili wakishirikiana duka, mmoja ana ruhusa ya kumwaga mafuta ya taa kwenye gunia la mchele la mwenzake? Mshirika ndiye hasa anayezuiliwa kuharibu, maana asiye mshirika hana hata njia ya kuingia. Mtume yule yule (S.A.W.) aliyetushirikisha maji ndiye aliyetahadharisha na kujisaidia haja penye mapito ya maji, njiani na kivulini. Tazameni mahali penyewe alipopataja: ni mahali pa umma hasa, ambapo kila mtu ana haki ya kupita, kunywa na kupumzika. Na ndiye aliyefundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Ikiwa kuondoa udhia wa mwingine ni imani, kuuweka udhia wako mwenyewe tukuite nini?

Nilisikitika katika safari iliyopita. Tulikuwa ndani ya boti, tumeshapita Kibirizi, mwanafunzi mmoja hodari wa tajwidi akamaliza soda yake na kunyanyua mkono kutupa chupa majini. Nilipomzuia alinijibu kwa adabu kabisa: "Ustadhi, hapa bado si hifadhi." Sikumkasirikia, kwa sababu alisema wazi wanachokidhani wakubwa wengi. Kwake yeye, uchafu ni kosa la mahali penye askari. Nahodha, mtu mzima aliyeanza kuvua kabla mimi sijazaliwa, alimnyooshea kidole kule tulikokuwa tunakwenda akamwambia, "Mwanangu, upepo huu unakwenda huko huko."

Na ndivyo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma juu ya ziwa letu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Ujiji iko kusini ya Kigoma, na Kigoma iko kusini ya Gombe. Chupa iliyotupwa mwalo wa Ujiji haina haja ya kulipa nauli. Isipofika Gombe itatua katika ghuba nyingine ambayo nayo ina mama anayechota maji.

Tena si kila kitu kinaelea. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Ukishuka chini ya mita 200 hivi hakuna hewa ya kumwezesha samaki kuishi. Maji yake hayabadilishwi kwa haraka kama ya mto. Yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na mengine yote huondoka kwa jua. Kwa hiyo kila tukitupacho kinabaki, kama si juu basi chini, na kizazi cha wajukuu zetu kitakuwa kinaishi na chupa yako ya soda. Nchi nne zinashirikiana ziwa hili, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulitunza. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi wetu walikaa nyumbani, watu wakala mlenda badala ya migebuka. Waliovumilia kipindi kile ni watu wazima wenye watoto wa kulisha, nasi tunashindwa kushika chupa tupu mkononi mpaka tufike nchi kavu!

Na maji ya bomba tunayotawadhia yanatoka ziwani humo humo. Mwaka 2015 tuliona kwa macho ufukwe unavyoweza kuua. Ndugu zetu wa Burundi waliokimbia machafuko walijazana maelfu kwa maelfu katika kijiji cha Kagunga, kaskazini ya Gombe, kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, bila vyoo vya kutosha wala maji safi isipokuwa ziwa. Kipindupindu kiliingia na watu wapatao 30 wakafa kabla meli ya Liemba na boti nyingine hazijamaliza kuwavusha kuja Kigoma. Wale hawakuwa na hiari, Mwenyezi Mungu awarehemu. Walikimbia na roho zao. Sisi tunaokwenda ufukweni na pilau na soda tuna hiari, na baadhi yetu tunaacha nepi za watoto zimefukiwa mchangani kwa vidole vya mguu. Nimeziona siku ya Idi pili kwenye ufukwe mmoja hapa mjini, na akina mama walikuwa wakichota maji mita chache tu kutoka pale.

Kuna ufukwe mwingine, jina lake siliandiki, ambao zamani tulikuwa tunakwenda bure na sasa una ukuta na kiingilio kinachozidi uwezo wa familia ya watoto sita. Mwenyewe ukimuuliza anakwambia alichoshwa na takataka za sikukuu. Inawezekana ni kisingizio. Lakini tumempa sisi wenyewe kisingizio hicho, tena bure. Hivyo ndivyo mbwa wa ujahilia anavyorudi kubweka juu ya kilima, na kinyume chake pia kipo. Huko Saudia himaa nyingi za makabila zilidumu kwa karne nyingi zikilindwa na desturi. Mwaka 1953 serikali ilitoa amri ya kuzifungua kwa wote. Nia ilikuwa njema, maana malisho ni haki ya ushirika kama tulivyoona. Lakini desturi za kulinda zilipoondoka pamoja na uzio, malisho mengi yalichakaa, na aliyeumia ni yule yule mfugaji mdogo.

Watu wana nyudhuru, nami nimezisikia zote. Wa kwanza husema hakuna pipa la taka. Ndugu yangu, mfuko uliokuja nao umejaa unashindwaje kurudi nao ukiwa mtupu, tena mwepesi zaidi? Wa pili husema akitupa anampatia mtu ajira, na huyu sina la kumjibu isipokuwa kumwombea. Wa tatu husema taka nyingi zinatoka ng'ambo, Kongo na Burundi. Labda zimo, ziwa ni moja. Lakini nimeokota na wanafunzi mwalo wa Ujiji na lebo zilizosomeka zilikuwa za bidhaa za maduka ya hapa hapa. Qur'ani (30:41) imeeleza kwamba ufisadi ulidhihiri barani na baharini kwa iliyoyachuma mikono ya watu. Haikutaja mikono ya jirani peke yake.

Serikali nayo imefanya yake. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na kusema haki mitaro yetu ilipata nafuu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini askari hawezi kukaa kila mita 60. Tulipoambiwa rambo ina faini tuliacha rambo, tukahamia kwenye makasha meupe ya chips na chupa za maji kwa kuwa hizo hazikutajwa. Ndio ule ule ufahamu wa mwanafunzi wangu, kwamba hapa bado si hifadhi.

Wenzetu wa Pemba walipita njia nyingine. Kipo kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri (A.S.) alikifanya msala wake wa kuswalia. Maelfu ya watu wanategemea bahari yake. Mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na waliohusika hawakufunga bahari yote. Sehemu moja ilizuiliwa kabisa, sehemu kubwa ikaachiwa wavuvi kwa masharti. Na kwa kuwa wavuvi ni Waislamu, masheikh na walimu wa madrasa walishirikishwa kufundisha kwa aya na hadithi mambo ambayo vipeperushi vya miradi vilishindwa kuyaingiza moyoni. Simaanishi kwamba Misali imekuwa pepo, matatizo yapo. Ila walimu wa madrasa walifanywa sehemu ya dawa. Sisi huku bara ziwa tunalo, hifadhi tunazo mbili, Gombe na Mahale, na misikiti tangu zama za misafara ya biashara ya Ujiji. Ni mara ngapi umesikia hotuba ya Ijumaa juu ya ziwa?

Kwa hiyo napendekeza safari isifutwe, wala isiendelee kama ilivyokuwa. Mwaka huu, inshaallah, chakula kipikwe na kubebwa kwenye mabakuli yenye vifuniko, maji yawe kwenye madumu na kila mtoto aje na kikombe chake cha bati. Soda na biskuti za paketi zibaki dukani. Tukifika, tule mahali watakapotuonyesha wahifadhi na si kwingineko. Mtoto mwenye mafua atabaki, hata kama ameshalipa, na fedha yake itarudishwa. Hili najua litaleta maneno, lakini wanafunzi wamesoma habari ya mwaka 1966 hapo juu na wataelewa kuliko wazazi wao. Mizigo itahesabiwa Kibirizi wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na magunia ya taka tutakayorudi nayo yapelekwe dampo moja kwa moja. Yasiachwe kwenye korongo nyuma ya soko, kwani mvua ya kwanza ya vuli itayarudisha ziwani.

Na wale watakaobaki nyumbani kwa ajili ya umri, maana watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, nao wapangiwe asubuhi moja mwalo wa Ujiji, wakiwa na glovu na walimu wawili. Nahodha niliyemtaja amekubali kuja kuwaeleza jinsi ufukwe ulivyokuwa enzi za ujana wake. Fomu za ruhusa ziko kwa katibu wa madrasa. Mzazi asome pande zote mbili kabla ya kutia saini, kwa kuwa masharti yako nyuma.

Wabillahi tawfiq.